Kikombe cha Hedhi na Deni la Wanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai. Methali hii tulifundishwa tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha, tukapewa alama zetu na kwenda zetu. Aghalabu tulielezwa kuwa maana yake ni kwamba mwenye shida asiyeisema hapati msaada. Uchi wenyewe ukarukwa kana kwamba haukutajwa. Katika makala haya ninakusudia kuurudia uchi ule uliorukwa. Mada yangu ni hedhi, na hasa kikombe cha hedhi, chombo ambacho baadhi ya wanawake na wasichana wa Kenya wamekuwa wakikitumia kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa. Huenda msomaji akauliza: jambo hili la wauguzi linaingiaje katika kurasa za wanafunzi wa Kiswahili? Namwomba anivumilie, kwani hoja yangu ni kuwa deni lililopo hapa ni letu.

Nimezaliwa na kulelewa Keumbu, kwenye barabara itokayo mjini Kisii kuelekea Keroka, mahali ambapo msafiri hupakumbuka kwa mikungu ya ndizi. Mdogo wangu wa kike alipokuwa katika shule ya upili ya bweni, walikuja wageni wakawagawia wasichana vikombe vya hedhi. Kila mmoja alipewa kikombe chake ndani ya kifuko cha kitambaa pamoja na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa Kiingereza. Shughuli yote, kwa maelezo yake, ilimalizika kabla ya kengele ya chakula cha mchana. Mwaka mmoja baadaye, nikimsaidia kupanga sanduku lake la shule, nilikikuta kikombe kile chini ya kamusi ya Kiswahili, hakijawahi kutumika hata mara moja. Nilipomuuliza sababu, alinijibu: "Dada, ile karatasi niliisoma yote. Maneno niliyaelewa. Sikuelewa mimi nifanye nini, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza."

Kauli hiyo ndiyo iliyonisukuma kuishika kalamu.

Kwa faida ya msomaji asiyekijua, kikombe cha hedhi ni chombo kidogo chenye umbo la kengele iliyopinduliwa, ambacho siku hizi hutengenezwa aghalabu kwa silikoni laini ya kitabibu. Hukunjwa, kikaingizwa ukeni, na kinapofunguka hushika kuta za uke na kuikinga damu badala ya kuifyonza kama ifanyavyo sodo. Kinaweza kukaa mwilini kwa muda wa hadi saa 12, kisha hutolewa, kikamwagwa, kikaoshwa na kurudishwa. Hedhi ikiisha huchemshwa kwa dakika chache na kuhifadhiwa hadi mwezi ujao. Kikitunzwa vyema, kikombe kimoja huweza kutumika hadi miaka 10. Msichana anayenunua pakiti moja ya sodo kila mwezi, katika muda huo atakuwa amenunua pakiti 120. Wala chombo hiki si cha jana: Mmarekani Leona Chalmers alikipatia hataza kikombe cha mpira mnamo mwaka 1937.

Mimi mwenyewe nilianza kukitumia nikiwa chuoni, kwa kushawishiwa na rafiki niliyeishi naye chumba kimoja. Sitamdanganya msomaji kwamba mambo yalikuwa shwari tangu siku ya kwanza. Mwezi wa kwanza nilikiweka vibaya, kikavuja. Niliposhindwa kukitoa, nilidhani kimepotelea tumboni, nikatokwa na jasho. Rafiki yangu alisimama nje ya mlango wa bafu akinielekeza kwa sauti ya chini: chuchumaa, tulia, usivute kijiti, bana sehemu ya chini kwa vidole viwili hewa iingie. Kikatoka. Baadaye ndipo nilipoelewa kuwa hakiwezi kupotea, kwa maana mlango wa kizazi hauna upenyo wa kukipitisha. Mwezi wa tatu nilikuwa nimekwisha kuzoea, hata nikasafiri kutoka Nairobi hadi Keumbu bila ya kukagua kiti kila gari liliposimama. Ninachotaka kikumbukwe hapa ni sauti ile nje ya mlango. Bila sauti hiyo, kikombe changu nacho kingeishia sandukuni.

Ushahidi wa kitaalamu unaelekea upande huo huo. Mnamo 2012 na 2013, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, yaani KEMRI, pamoja na wenzao wa Liverpool, walifanya utafiti wa majaribio katika shule 30 za msingi huko Siaya. Wasichana wa umri wa miaka 14 hadi 16 katika baadhi ya shule walipewa vikombe, wengine sodo, na wengine wakaendelea na mazoea yao. Waliopewa vikombe walisimulia mambo ambayo kila mtumiaji atayatambua: hofu ya kukiingiza, maumivu ya mwanzo, shaka kwamba kingepotelea ndani. Walisimulia pia kwamba marafiki waliowatangulia ndio waliowatia moyo. Matumizi yaliongezeka kadiri miezi ilivyopita, na waliozoea walizungumzia raha ya kukaa darasani bila hofu ya doa wala harufu. Vilevile, mapitio ya tafiti 43 yaliyochapishwa mwaka 2019, yaliyohusu wanawake na wasichana wapatao 3,300, yalionyesha kuwa kikombe ni salama, na kwamba katika tafiti zilizouliza swali hilo, takribani 7 kati ya kila watumiaji 10 walitaka kuendelea nacho.

Hata hivyo, msomi hapaswi kuchagua ushahidi unaompendeza tu. Kati ya 2017 na 2021 ulifanyika utafiti mkubwa zaidi huko huko Siaya, katika shule 96 za upili zenye wasichana zaidi ya 4,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa kikombe hakikupunguza jumla ya madhara yaliyolengwa, yaani kuacha shule pamoja na maambukizi ya Virusi vya UKIMWI na ya malengelenge ya sehemu za siri. Kikombe basi si dawa ya umaskini, wala hakimlindi msichana dhidi ya wanaomnyemelea. Aidha, kinahitaji maji, sabuni, sufuria na faragha. Katika vilima vya Gusii, ambako familia nyingi huteka maji chemchemini na kuyapandisha mlimani kwa mitungi, sharti la kunawa mikono kabla ya kukigusa si dogo. Nikiwa sokoni Keumbu hulazimika kubeba chupa ya maji ninapokwenda msalani. Anayevisifu vikombe bila kuyataja haya hawatendei haki wasichana.

Lakini yupo pia anayehitaji kukumbushwa gharama ya kutokuwa na chochote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu magharibi ya Kenya ulibainisha kuwa miongoni mwa wasichana wa umri wa miaka 15 waliohojiwa, mmoja kati ya kumi alikiri kufanya ngono ili apate pesa za kununulia sodo. Ni kweli kwamba Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo mwaka 2004, na kwamba sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa mwaka 2017 ili kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bila malipo. Tunaishukuru sheria. Hata hivyo, sheria hugawa vitu. Haigawi maneno ya kuvielezea.

Hapa ndipo ninapofika kwenye lugha. Miongoni mwa Abagusii ipo kanuni iitwayo chinsoni, yaani staha na haya inayotenganisha kizazi cha mzazi na kizazi cha mtoto. Mambo ya mwili hayatajwi ovyo baina yao. Kanuni hii haikuwa ya kijinga, wala haikumwacha msichana gizani, kwa sababu mlango ulikuwa wazi upande wa pili: bibi, ambaye twamwita magokoro, alikuwa na ruhusa ya kutania, kuuliza na kufundisha. Ila leo msichana yuko bwenini miezi mitatu, na magokoro yuko nyumbani akilinda migomba. Mama, aliyelelewa kunyamaza, ananyamaza. Mwalimu naye anamwachia muuguzi, na muuguzi anaacha karatasi ya Kiingereza.

Nimechunguza jambo moja nyumbani ambalo huenda likawavutia wanaisimujamii. Nilipojaribu kumweleza mama habari za kikombe kwa Ekegusii, aliinuka akaenda kuchochea moto. Siku nyingine nilirudia maelezo yale yale kwa Kiswahili, nikitumia neno hedhi. Akaketi, akasikiliza, hata akauliza kama kinaumiza. Kiswahili kwetu si lugha ya titi la mama, na kwa sababu hiyo hiyo maneno yake hayachomi kama yale ya nyumbani. Kilitupa mkeka wa kukalia sote wawili bila ya yeyote kuvunja chinsoni. Yamkini hali ni hiyo katika nyumba nyingi za Kenya ambamo Kiswahili ni lugha ya pili.

Wala Kiswahili hakikosi hazina. Tunasema msichana amevunja ungo, kwamba yuko mwezini, kwamba yumo katika siku zake. Tunalo neno hedhi lenye adabu ya kutosha kusemwa mbele ya yeyote. Tunalo neno sodo, ambalo hapo awali lilikuwa kitambaa tu, na ambalo limepewa uhai mpya na magazeti hadi likatosha kuitwa pakiti za dukani. Pwani wapo masomo na makungwi, na Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha katika karne ya 19. Mwanamke kumfunza mwanamke kwa Kiswahili kilicho fasaha ni mila kongwe kuliko idara zetu zote.

Kusema kweli, nilipoanza kuandika nilitaka kupendekeza istilahi. Neno kikombe linachekesha. Wengine hufikiria chai au kombe la soka. Nilivutiwa na kitenzi kukinga, ambacho hubeba maana mbili zinazofaa, ile ya kuhifadhi na ile ya kupokea kitiririkacho, kama tukingavyo maji ya mvua. Nikawazia kikingio. Kisha nikajiuliza: mdogo wangu alikosa istilahi? La, hasha. Alikosa sentensi. Alikosa mtu wa kumwambia kwa lugha nyepesi: chuchumaa, tulia, usivute kijiti. Alikosa wa kumwambia kwamba kizinda huweza kutanuka au kuchanika kwa sababu nyingi, na kwamba si kipimo cha ubikira. Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitamka mwaka 2018 kuwa uchunguzi wa ubikira hauna msingi wa kisayansi. Woga huu wa kizinda, niliousikia hata kwa wasomi wenzangu, hauondolewi na istilahi mpya. Basi watumiaji wakisema kikombe, na kiwe kikombe.

Najua wapo watakaosema kwamba mada hii inalishusha hadhi jarida la kitaaluma. Nawakumbusha mambo mawili. Mnamo Septemba 2019, katika Kaunti ya Bomet, si mbali na kwetu, msichana wa miaka 14 alijitoa uhai. Familia yake ilieleza kwamba alikuwa ameaibishwa darasani kwa sababu ya doa la damu. Na mnamo Februari 2023, Gloria Orwoba, wakati huo akiwa seneta mteule, aliondolewa katika ukumbi wa Seneti kwa kuwa nguo yake nyeupe ilikuwa na doa jekundu. Mmoja alikuwa mtoto wa shule, mwingine mtunga sheria, na aibu ilikuwa ile ile. Jambo linaloweza kumwua mtoto na kumtoa kiongozi bungeni haliwezi kuwa duni mno kwa kalamu zetu.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, chama chetu kiunde kikundi cha wanafunzi wa Kiswahili na wa uuguzi, wasanifu pamoja maelezo ya kikombe kwa Kiswahili chepesi, yenye kutaja uke kuwa uke na mlango wa kizazi kuwa mlango wa kizazi, na yenye kueleza pia kwamba anayetumia kitanzi cha kupanga uzazi amwone mhudumu wa afya kwanza. Maelezo hayo yasomwe na wasichana wenyewe kabla ya kuchapishwa, nao watuambie wapi wamekwama. Pili, tunapokwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, tusiiruke mada hii katika ufahamu na insha, na tuwaruhusu wavulana wabaki darasani waisikie. Tatu, wahadhiri wetu wakubali tasnifu zinazochunguza lugha ya hedhi katika jamii zetu mbalimbali. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza msichana mwili wake ni rasmi kwa nani?

Likizo ile nilikaa na mdogo wangu nyuma ya nyumba, tukakichemsha kikombe chake katika sufuria ndogo niliyoinunua kwa kazi hiyo pekee. Baadaye nilisimama nje ya mlango wa bafu, kama nilivyosimamiwa. Muhula uliofuata aliniambia kuwa wasichana wawili wa bweni lake wamevitoa vikombe vyao masandukuni, na kwamba sasa yeye ndiye anayesimama mlangoni. Anawaelekeza kwa Kiswahili. Kamusi bado anayo; huifungua anapokosa neno.