Jaketi la Rubani Ndani ya Belo la Korogwe

JICHO LA JUMAMOSI
Na Ramadhani Mhando

Abiria wa basi la alfajiri kutoka Lushoto hufika Korogwe na koti mwilini, na kabla hajavuka barabara keshalivua. Mji uko kando ya Mto Pangani, chini ya Milima ya Usambara, na joto lake halimvumilii mtu aliyevaa ngozi. Lakini majaketi ya ngozi yanauzika Manundu, na yanauzika Chanika mjini Handeni, ambako jua la saa nane halina masihara. Mteja wake mkubwa ni dereva wa bodaboda. Wengine hulivaa kinyumenyume, mgongo wa jaketi kifuani na zipu nyuma, upepo usipate pa kupenyea.

Bila kufundishwa na mtu, dereva huyo amelirudisha vazi kwenye kazi yake ya asili. Jaketi fupi la ngozi, lenye ufumo wa sufu unaovutika kiunoni na kwenye mikono, lilibuniwa kwa ajili ya mtu anayekaa mbele ya upepo: rubani wa ndege ya kivita. Ulaya, Marekani na Japani wako watu wanaoyasaka majaketi hayo ya zamani kwa udi na uvumba, na moja halisi la Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lenye historia inayothibitika, huweza kuuzwa mnadani kwa maelfu ya dola. Muuza mitumba akiambiwa hivyo hucheka kwanza, kisha hugeuka kuliangalia rundo lake.

Na ageuke, maana vita vya ndege si habari ya mbali kwa watu wa Handeni na Korogwe. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliyoongozwa na Jenerali Jan Smuts yalishuka kulifuata bonde la Pangani. Korogwe ilitwaliwa tarehe 15 Juni. Siku chache baadaye ikafuata Handeni, kituo cha mwisho cha reli ndogo ya kusukumwa kwa mikono ambayo Wajerumani waliitandika kutoka Mombo. Tarehe 24 Juni yakapiganwa mapigano ya Mto Lukigura. Katika kampeni hiyo anga lilikuwa la ndege aina ya BE2c za Kikosi Namba 26 cha Royal Flying Corps, kilichoundwa mwaka 1915 kwa watu wa Afrika Kusini. Kazi yao ilikuwa kupeleleza njia za adui na kuangusha mabomu mbele ya askari wa miguu. Mmoja wa wapelelezi wa angani wa kikosi hicho, Leo Walmsley, baadaye akawa mtunzi wa riwaya, na mwaka 1920 alichapisha kitabu kuhusu siku hizo kiitwacho Flying and Sport in East Africa.

Ngozi ya nini katika nchi yenye joto namna hii? Hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita na nusu kwa kila kilomita moja ya kwenda juu. Korogwe ikiwa na nyuzi 30, mtu aliye mita 2,000 juu yake yuko kwenye nyuzi 17 hivi, ndani ya ndege isiyo na paa, inayokwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Sweta peke yake hupitisha upepo huo, ngozi huuzuia. Isitoshe, mafuta ya injini yakiirukia hufutika kwa kitambaa.

Chini ya ndege hizo mambo yalikuwa mengine kabisa. Mpagazi aliyebeba risasi na unga porini kuelekea Handeni hakupewa koti la ngozi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Wakusanyaji wa Ulaya wanayajua majina ya marubani, namba za ndege zao, hata kiwanda kilichowashonea makoti. Wapagazi hawana hata kifungo kimoja kabatini mwa mtu. Jambo hili lisemwe kila jaketi linapopandishwa bei. Kariakoo ya Dar es Salaam, walikopiga kambi wapagazi hao, ndiyo leo moja ya njia ambazo mabelo ya mitumba hupitia kwenda mikoani.

Vita vile vina kisa kingine cha ngozi, nacho ni cha ajabu. Novemba 1917 Wajerumani walirusha puto kubwa la Zeppelin, L59, kutoka Jamboli nchini Bulgaria, kumpelekea shehena kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck. Halikutarajiwa kurudi. Kitambaa chake kingekatwa mahema na nguo, na njia ya kupita ndani yake ilitengenezwa kwa ngozi ili mafundi waje kuikata viatu. Likiwa juu ya Sudan likaamriwa kugeuza, likatua Bulgaria baada ya kukaa angani saa 95. Kufikia hapo askari waliosubiri viatu hivyo walikuwa wameshafurushwa Handeni zaidi ya mwaka mzima, wako kusini kabisa wakiukaribia Mto Ruvuma.

Jaketi wanalolisaka wengi leo lilikuja baadaye. Jeshi la Marekani lilipitisha aina ya A-2 mwaka 1931, ikashonwa zaidi kwa ngozi ya farasi. Waingereza nao walikuwa na jaketi zito la ngozi ya kondoo, manyoya yakiwa ndani, kazi ya Leslie Irvin, Mmarekani wa miamvuli ya kurukia aliyefungua kiwanda Letchworth mwaka 1926. Hilo ndilo huonekana kwenye picha nyingi za marubani wa mwaka 1940. Afrika Mashariki nayo ilitoa wanafunzi wa urubani wakati huo: Roald Dahl, mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell Dar es Salaam, aliendesha gari hadi Nairobi mwaka 1939 kujiunga na jeshi la anga la Uingereza, kabla hajawa mwandishi wa vitabu vya watoto. Mwaka 1943 Jenerali Hap Arnold wa Marekani alisitisha ununuzi wa A-2, nguo za kitambaa zikachukua nafasi. Agizo hilo moja limechangia sana bei za leo, kwa kuwa kitu kikikoma kutengenezwa ndipo hesabu yake huanza kupungua.

Basi je, A-2 ya mwaka 1942 inaweza kutoka ndani ya belo Korogwe? Si muujiza, lakini asikope mtu hela kwa tumaini hilo. Yanayojaa kwenye mabelo ni majaketi ya miaka ya 1980 na baadaye, yaliyoshonwa kwa mfano wa yale ya marubani. Filamu ya Top Gun ya mwaka 1986 iliwafanya vijana wa dunia nzima walitake jaketi la Tom Cruise, viwanda vikashona bila kupumzika, na mwaka 1988 hata jeshi la anga la Marekani likairudisha A-2, safari hii kwa ngozi ya mbuzi. Vijana wale wamezeeka na makabati yao yamefunguliwa. Mengi ya majaketi yao ni ngozi nzuri tu, na kwa dereva wa bodaboda hiyo inatosha.

Mwenye jicho huanzia shingoni. A-2 halisi ina lebo ya kitambaa chini ya kola, imeandikwa aina ya jaketi, namba ya mchoro 30-1415, namba ya mkataba na jina la mshonaji, kama Rough Wear au Aero Leather. Mgongo kwa kawaida ni kipande kimoja cha ngozi. Jaketi la mgongo wa viraka viraka limebana matumizi. Mifuko miwili ya mbele hufunguka kwa juu na ina vifuniko. Tundu la pembeni la kuingizia viganja ni dalili ya mshonaji wa juzi, kwa sababu rubani wa jeshi hakutakiwa kutembea mikono mfukoni. Zipu ni ya chuma, mara nyingi imeandikwa Talon. Bitana ni ya hariri au pamba. Ikiwa ni nailoni yenye ramani ya dunia iliyochapwa, mtu alipe bei ya mtumba na aende zake.

Adui wa majaketi haya hapa ni hali ya hewa. Korogwe, kwa unyevu wa bonde la Pangani, huyapiga ukungu. Handeni, kwa ukavu wake, huyakausha hadi yakapasuka viwikoni. Wapo wanaoyaloweka kwenye sabuni ya unga na kuyaanika juani, na huo ndio mwisho wake. Ngozi kuukuu hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, hutundikwa kwenye henga pana kivulini, na haifungiwi kwenye mfuko wa plastiki.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko kwenye sheria, na hapo ndipo safu hii ina neno. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo, wafanyabiashara wakiwemo. Nia yake haina ubishi, kwani wahalifu wamekuwa wakiwatisha watu kwa nguo hizo. Shida iko kwenye hilo neno "yanayofanana". Jaketi la kahawia lisilo na nembo halifanani na sare ya JWTZ kwa jicho la mtu yeyote. Lakini lenye nembo ya kikosi cha Marekani cha mwaka 1943 je? Muuzaji mwenye hofu hushika wembe akaichana nembo, na kwa dakika moja ameua karibu thamani yote ya kitu alichoshika. Upande wa pili, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatambua kuwa masalia ya kale vitu vya kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo koti la rubani aliyeruka juu ya Handeni mwaka 1916, likipatikana leo, sheria hiyo italiona changa mno, na agizo la jeshi litatiliwa shaka kuwa linalikataza.

Hapahitajiki sheria mpya. Waraka mmoja ulioandikwa wazi ungetosha: vazi la jeshi la kigeni, la miaka ya nyuma, likiwekwa bila kuvaliwa na likasajiliwa Makumbusho ya Taifa, lisihesabiwe kosa. Jeshi lenyewe lingefaidika, kwa kuwa lingejua nani ana nini. Na usajili huo usiishie kwenye makoti ya marubani. Familia za Handeni na Korogwe zenye kitu chochote cha vita vya 1916, iwe bakuli la mpagazi au kipande cha reli ya Mombo, zingepata pa kukiandikisha.

Hadi waraka huo utoke, asivae mtu nguo ya mabaka wala yenye nembo ya jeshi lolote. Nanyi wauzaji wa Manundu na Chanika, mkikuta jaketi lenye lebo ya kitambaa shingoni na namba za mkataba, wembe uwekeni mbali. Lipigeni picha lebo ikionekana, mkaiulize Makumbusho kabla ya kulipandisha kwenye henga.