Hatuna Mashine ya Kurudi Jana



Vijana wetu hutuuliza kama michezo ya kompyuta ni kupoteza wakati tu. Tusiwajibu kwa haraka. Tutazame mmoja wa zamani, Day of the Tentacle, wenye picha za katuni na vichekesho tele, uliotolewa na kampuni ya LucasArts ya Marekani mwaka 1993.

Kisa chake kinaanza kwa sumu. Mashine ya mwanasayansi mmoja inamwaga uchafu mtoni. Kiumbe cha zambarau, mfano wa mkono wa pweza, kinakunywa maji yale na kushikwa na tamaa ya kutawala dunia. Marafiki watatu wanatumwa kurudi siku moja nyuma ili waizime mashine. Lakini almasi iliyotiwa katika mtambo wa safari ni ya bandia, nao mtambo unaharibika: mmoja anabaki wakati wa leo, mwingine anatupwa miaka 200 nyuma, wa tatu miaka 200 mbele.

Huko mbele, Laverne amenaswa mtini, hawezi kushuka. Anafunguliwa pale tu Hoagie, aliye katika siku za George Washington, anapofanya hila mti uleule ukatwe.

Mchezo huu si katekisimu, wala hila zake hatuzisifu. Hata hivyo unaonyesha kweli moja nzito: mikono yetu ya leo inawafunga au inawafungua watu ambao hatutawaona kamwe. Papa Fransisko naye, katika waraka Laudato Si’ wa mwaka 2015, alifundisha kwamba haki haiishii kwa walio hai sasa.

Lakini sisi hatuna mashine ya kurudi jana. Sumu ya migodi iliyokwisha kuingia katika mito yetu hairudi ilikotoka. Tunayo toba, nayo haifuti yaliyotendeka. Inatudai tuache kumwaga, tukubali kosa letu mbele ya walioumizwa, na tutengeneze kinachoweza kutengenezwa. Toba isiyofika mtoni ni almasi ya bandia: inang’aa, lakini haimfikishi mtu popote.

Basi, kabla ya kumkemea kijana aliyeketi mbele ya kompyuta, sisi wazazi na viongozi tujiulize: wajukuu wake tunawaachia mti gani?