Kurunzi ya bei nafuu na haki ya mwananchi gizani

Waswahili husema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humkejeli mvivu atafutaye kisingizio cha kutolima. Lakini yako mambo ambayo asiyechagua ndiye anayejuta, na mojawapo ni ununuzi wa kurunzi ndogo ya mfukoni, ile yenye kichwa kinachovutwa mbele na kurudishwa nyuma ili mwanga ujikusanye au utawanyike. Kifaa hiki kimejaa madukani na kwenye meza za wachuuzi, kuanzia Lodwar mjini na Kanamkemer hadi Kakuma. Bei yake ni noti chache za mia. Wapo watakaoshangaa kwamba safu hii inajishughulisha na kitu kidogo namna hii ilhali taifa lina mijadala mizito. Nionavyo mimi, mijadala hiyo mizito ndiyo iliyokifikisha kitu hiki kidogo mkononi mwa mwananchi wa Turkana.

Tuanze na giza lenyewe. Turkana haiko mbali na ikweta, na kwa hivyo usiku wake huchukua takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Jua likizama, giza huingia upesi, na shughuli zote zilizosalia, yaani kusoma, kupika, kuhesabu mbuzi zizini na kwenda msalani, hutegemea mwanga wa kununuliwa. Asiye na umeme hulipia nusu ya maisha yake.

Ikumbukwe kwamba eneo hili si fukara wa nishati. Maji ya Mto Turkwel, upitao Lodwar ukielekea ziwani, yalianza kuzalisha umeme mapema katika miaka ya 1990 kwenye bwawa lenye mitambo ya megawati 106, karibu na mpaka wa Turkana na Pokot Magharibi. Umeme huo ulipelekwa Lessos, huko nyanda za juu, huku Lodwar ikiachiwa mitambo ya dizeli kwa miaka mingi. Mnamo 2012 mafuta yakagunduliwa katika ardhi ya Turkana. Mnamo 2019 ukazinduliwa mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, upande wa Marsabit, wenye uwezo wa megawati 310, na waya zake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mwananchi wa kaskazini ameona utajiri huo wote ukipita. Waya ipitayo juu ya kichwa cha mtu haimwangazii njia.

Kisha, mnamo Septemba 2018, serikali ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Sababu iliyotolewa ilikuwa na mantiki yake: walaghai walikuwa wakiyachanganya mafuta hayo na dizeli kwa kuwa bei yake ilikuwa chini. Hata hivyo, aliyeumia zaidi hakuwa mlaghai. Aliumia yule aliyezoea kununua mafuta kwa kipimo cha chupa ya soda ili koroboi iwake hadi watoto wamalize kazi ya mwalimu. Simwombolezei koroboi, kwani moshi wake umeharibu vifua vya wengi na moto wake umeteketeza nyumba. Ninalosema ni kwamba mlango mmoja ulifungwa kabla ya mwingine kufunguliwa, na katika pengo hilo ndipo ilipoingia kurunzi ya bei nafuu.

Yenyewe ni matunda ya sayansi ya hali ya juu. Wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2014 kwa kuvumbua diodi itoayo mwanga wa buluu, ambayo ndiyo iliyowezesha taa nyeupe za LED tunazozitumia leo. Taa hizo hula umeme kidogo mno. Ingetarajiwa basi kwamba maskini ndiye angefaidi zaidi. Kwa bahati mbaya, pamoja na uvumbuzi huo zimekuja bidhaa duni zenye maandishi ya uongo. Watafiti wa mradi wa Lumina, waliochunguza kurunzi za LED katika miji kadhaa ya Kenya karibu na mwaka wa 2010, waliona kwamba wengi wa watumiaji walipatwa na matatizo katika muda wa miezi michache tu. Hasara haiishii kwenye pesa. Aliyedanganywa na kurunzi mbovu huiogopa hata taa nzuri ya jua atakapoletewa.

Je, mnunuzi ajikinge vipi? Kinga ya kwanza ni hesabu, na hapa nawaomba walimu wa Fizikia wanisikilize. Betri ya alkalini ya saizi AA, ile ndogo itumikayo katika saa za ukutani, huhifadhi nishati ya takriban wati-saa 3. Taa ya LED ya kawaida, tukiondoa hasara za njiani, hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati. Basi akiba ya betri hiyo ni lumeni 100 kwa saa tatu, au lumeni 30 kwa saa kumi. Sasa chukua kurunzi ya betri moja iliyoandikwa lumeni 2,000. Ili kuitimiza ahadi hiyo ingehitaji wati 20, na akiba yote ingekwisha kwa dakika tisa. Tena betri yenyewe haina uwezo wa kutoa umeme kwa kasi hiyo. Nambari iliyo kwenye boksi ni uongo, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuuthibitisha kwa kalamu na karatasi.

Uongo wa pili uko kwenye betri za kuchajiwa. Ziko betri za lithiamu zinazoitwa 18650, jina litokanalo na upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Hata zilizo bora hazivuki sana miliampea-saa 4,000. Ukiona imeandikwa 9,900, jua kwamba aliyeiandika alikuwa akiuza wino. Uko pia ujanja wa tatu, ulio mwembamba zaidi. Baadhi ya kurunzi hukubali betri ya AA ya volti 1.5 au betri ya lithiamu yenye umbo lilo hilo lakini volti 3.7. Mwanga unaosifiwa kwenye boksi ni ule wa lithiamu, ilhali mnunuzi hutia betri ya kawaida. Naye akijaribu kutia lithiamu katika kurunzi isiyotengenezewa volti hizo, ataiunguza.

Sasa tuje kwenye hicho kichwa kinachovutwa. Ndani yake mna lenzi. Ikiwa karibu na taa, hupokea mwanga mwingi na kuutawanya kwa upana; ikivutwa mbele, huukusanya kuwa doa dogo linalofika mbali. Mnunuzi huliona doa hilo likimulika ukuta wa mbali na kudhani kwamba kurunzi imeongezewa nguvu. Ukweli ni kinyume. Lenzi ikiwa mbali na taa hupokea sehemu ndogo tu ya mwanga, na uliobaki hupotea ndani ya kichwa. Doa hung'aa zaidi, lakini jumla ya mwanga utokao imepungua. Lile umbo la mraba litokealo ukutani ni taswira ya diodi yenyewe. Likiwa na kingo safi, lenzi yako ni nzuri. Likiwa na ukungu, rudisha kurunzi mezani.

Uchaguzi, basi, hutegemea kazi. Mchungaji anayemtafuta mbuzi aliyepotea, au anayetaka kujua macho yang'aayo nje ya boma ni ya fisi au ya mbwa, ana haja ya doa la mbali. Anayetembea kwa miguu ana haja ya mwanga mpana unaoangaza hatua zake. Kifutu hulala kimya njiani akitegemea rangi yake, na ng'e hajulikani alipo hadi akanyagwe. Shirika la Afya Duniani liliyatia majeraha ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mnamo 2017. Kwa mwanakijiji aliye mbali na hospitali, kurunzi ndiyo dawa ya kwanza. Mwanafunzi naye anahitaji mwanga mpana ulio hafifu na wa kudumu. Amtafutie kurunzi yenye kiwango cha chini, kwa kuwa lumeni 30 zilizotulia juu ya daftari zamfaa kuliko 300 zinazozimika kabla ya saa nne za usiku.

Kwa maoni yangu, mkazi wa Kanamkemer mwenye pesa kidogo achague kurunzi ya betri ya AA, kwa sababu betri hiyo hupatikana katika kila duka. Avute kichwa mara kadhaa: kikilegea, aiache. Atazame kama kuna pete ya mpira pale kichwa kinapoteleza, maana upepo wetu hubeba mchanga, na mchanga ukiingia humo hukwaruza na kukwamisha. Abonyeze swichi mara ishirini bila haya. Mwenye mahali pa kuchajia anunue betri za kuchajiwa, ila asiziache kwenye jua, kwani joto la Lodwar huzizeesha upesi zile za lithiamu. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kurunzi yenye sifa nyingi mno kwenye boksi inajitembeza.

Yamkini msomaji atauliza: si simu ina mwanga? Ni kweli, lakini shule nyingi za bweni haziruhusu simu, na anayelipa kibandani ili simu ichajiwe hatauchezea umeme huo. Mwingine atasema jibu ni taa za jua. Nakubaliana naye kuhusu kusoma. Mradi wa kusambaza nishati ya jua uitwao KOSAP, ulioidhinishiwa na Benki ya Dunia dola milioni 150 mnamo 2017, uliilenga Turkana miongoni mwa kaunti 14 zilizoachwa nyuma. Hata hivyo, nyumba ikiangaza, njia ya kisimani bado ni giza.

Hapo ndipo wajibu wa serikali unapoingia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa maelezo anayohitaji. Iko Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Liko Shirika la Viwango, KEBS, tangu 1974. Sheria hazikukosekana, kilichokosekana ni mkono wa kuzifikisha sokoni. Kurunzi ni ndogo, mnunuzi wake ni mnyonge, na hakuna atakayekwenda mahakamani kwa ajili ya shilingi mia tatu. Kwa sababu hiyo hasa sheria haina budi kumtangulia. Napendekeza kwamba boksi lisilotaja aina ya betri iliyotumiwa kupima mwanga, pamoja na saa ambazo mwanga huo hudumu, lisiruhusiwe kupita bandarini. Wala tusisahau betri zilizokufa. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inawataka wazalishaji na waagizaji wawajibikie taka za bidhaa zao, lakini hapa kwetu betri hutupwa kwenye mchanga ambamo watoto huchezea na maji huchimbwa.

Hadi hayo yatimie, ngao ya mnyonge ni elimu. Mwalimu mwenye kurunzi moja na ukuta mweupe anaweza kufundisha lenzi, wati na volti katika kipindi kimoja, na mwanafunzi akaenda nyumbani na maarifa yatakayomwokolea mamake pesa siku ya soko. Naomba somo hilo lifundishwe muhula huu.