Mtoto wa Mjeda Hakula Kiapo

Kikosi cha Tanzania kinapokwenda misheni nje ya nchi, hukabidhiwa bendera ya taifa mbele ya kamera, hotuba husomwa, ndege ikaondoka. Kule kota hakuna hafla. Anabaki mama na watoto, na swali linaloulizwa kila jioni: baba anarudi lini? Safu hii ilishasema mengi kuhusu hotuba za majukwaani; ya leo inawahusu wasioalikwa jukwaani.

Wiki hii, katika shule moja ya msingi jirani na kambi, mvulana wa darasa la tatu alisimamishwa mbele ya wenzake. Siku nne mfululizo daftari lake halikuwa na kazi ya nyumbani wala sahihi ya mzazi. Alipoulizwa, alijibu kwamba baba yuko Kongo, kisha akaanza kulia. Mwalimu akamwambia, bila nia mbaya, kwamba mtoto wa mjeda halii. Darasa zima likacheka. Kesho yake mama alifika, mtoto mchanga mgongoni, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba tangu baba aondoke mvulana huyo amerudia kukojoa kitandani, na kila asubuhi huificha shuka ili wadogo zake wasiione. Mwalimu alikuwa hajui kama baba ameondoka. Hakuna aliyemwambia.

Kauli ile ya mwalimu inaudhi kwa sababu imezoeleka mpaka inapita kama sifa. Mjeda alikula kiapo akiwa mtu mzima, akafunzwa, akakabidhiwa silaha na wenzake wa kumlinda mgongo. Mtoto hakula kiapo chochote. Kumnyima machozi ni kumpa kazi ya jeshi bila mafunzo ya jeshi.

Athari hutofautiana kwa umri. Mtoto wa miaka miwili hana hesabu ya miezi. Baba akirudi, humkimbia na kujificha nyuma ya khanga ya mama, na mwanamume aliyevumilia mengi porini huumia kwa hilo kuliko anavyokiri. Wa shule ya msingi husema kwa mwili: tumbo linauma asubuhi, usingizi haupatikani, alama zinashuka. Kijana wa sekondari ndiye anayesahaulika, kwa kuwa anaonekana kumudu. Anapeleka wadogo zake shule, anachota maji, ananyamaza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Pediatrics uliwaangalia vijana wa miaka 11 hadi 17 wa familia za wanajeshi na kukuta kwamba shida zao ziliongezeka kadiri mzazi alivyokaa mbali kwa muda mrefu, na kadiri mzazi aliyebaki alivyokuwa amelemewa.

Mzazi aliyebaki, basi, ndiye nguzo, naye hutikiswa zaidi na fedha. Ukoo unaamini misheni ni dola. Shemeji anataka mtaji, mama mkwe anataka bati, fundi wa nyumba ya Chanika anadai saruji, na mke anayesema posho haijaingia huitwa mchoyo. Umoja wa Mataifa huilipa nchi husika kwa kila askari kila mwezi, na mwaka 2018 kiwango kilipangwa kuwa dola 1,428. Lakini fedha hizo huingia serikalini, na hakuna fungu ndani yake la mtu wa kukaa na mtoto anayelia usiku. Pale anayekwenda ni mama, kwa kuwa Tanzania hupeleka askari wa kike pia, watoto hupelekwa kwa bibi kijijini na kubadilishiwa shule katikati ya mwaka.

Kisha kuna habari mbaya. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, Kivu Kaskazini, Kongo, ilishambuliwa, na 14 wakatangazwa kuuawa. Katika kota, habari ya namna hiyo hufika vipande vipande, jina kwa jina, na kila simu inayoita humfanya mtoto aangalie uso wa mama. Kenya iliwatendea vibaya zaidi wa kwao: baada ya kambi ya askari wake ya El Adde, Somalia, kushambuliwa Januari 15, 2016, serikali haikutoa idadi kamili ya waliokufa. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari 2025, askari wa kikosi cha jumuiya ya SADC, Watanzania wakiwemo, walibaki wamezingirwa, na safari ya kuwaondoa kupitia Rwanda ikaanza mwishoni mwa Aprili. Miezi mitatu ni sehemu kubwa ya muhula wa shule.

Kurudi nako kuna kazi yake. Baba huingia akitoa amri katika nyumba iliyokwisha kujifunza kuendeshwa bila yeye. Mtoto aliyezoea kumwomba mama ruhusa humpita baba sebuleni, na ugomvi huanzia hapo. Wapo wanaorudi wakishtuka usiku na kufoka kwa jambo dogo, na watoto hudhani wamekosea wao.

Jeshi lenye uwezo wa kusafirisha mizinga hadi Beni lina uwezo wa kuandika barua moja kwa mwalimu mkuu kabla ya bendera kukabidhiwa. Lina uwezo pia wa kumweka kota mshauri nasaha mmoja, na afisa mmoja wa kuzipa familia habari kabla ya simu za mtaani. Mkuu wa kikosi anayejua idadi ya risasi alizobeba anapaswa kujua idadi ya watoto alioacha nyuma, na shule wanazosoma.

Mvulana wa darasa la tatu bado hajaambiwa baba yake anarudi lini. Walimu wanaosoma ukurasa huu, muulizeni kila mtoto wa kambini baba yuko wapi na mama yuko wapi, na akilia, mwacheni alie.