Haki Isiwe Hisani: Maisha Yetu Katika Mji Mdogo wa Pwani



Watu wa miji mikubwa hutuonea wivu sisi tunaoishi katika mji mdogo wa pwani. Husema: ninyi mna samaki, mna nazi, na hamlipi nauli kwenda kazini. Maneno hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Sisi wa Palma, kaskazini kabisa mwa Msumbiji, karibu na mto Ruvuma, tunapenda kueleza maisha yetu yalivyo, na kwa nini kazi ya chama hapa ni ngumu kuliko wengi wanavyodhani.

Kwetu saa ya kazi haipigwi na king'ora, hupangwa na maji. Maji yakipwa, akina mama hushuka na vikapu kutafuta chaza na pweza. Maji yakijaa, vyombo huingia. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, wenye mitumbwi midogo hukaa siku nyingi bila kutoka, na mji mzima huona dhiki. Haimpati mvuvi peke yake. Humpata mchuuzi wa samaki, kijana wa baiskeli anayepeleka samaki wakavu bara, mama wa mgahawa, na fundi cherehani anayengoja watu wapate fedha. Wote hawa ni wafanyakazi, hata kama hakuna kiwanda kinachowaandika majina.

Jambo la pili ni kujuana. Mwenye chombo ni mjomba wako. Mwenye duka ni shemeji yako. Msimamizi wa ujenzi mlisoma naye chuoni kwa mwalimu mmoja. Kujuana huko ni baraka. Tarehe 24 Machi 2021, mji wetu uliposhambuliwa na watu wenye silaha, wengi walikimbilia porini kwa miguu, na wengine baharini hadi Pemba. Waliofika huko, wengi wao hawakupokewa na mahema. Walipokewa na jamaa na marafiki, nyumba moja ikalaza familia tatu au nne. Bila udugu, wengi tusingekuwapo leo.

Lakini kamba iliyotuokoa ndiyo hiyo hiyo tunayofungiwa. Kibarua akidai mshahara wa mwezi uliopita huambiwa: "Mwanangu, si nilikusaidia kwenye msiba wa mama yako?" Akiuliza mkataba, huambiwa hana adabu. Baharia wa juya akihoji mafungu yalivyogawanywa, kesho hupata nafasi yake imekwisha kujazwa. Hivyo jasho la mtu linageuzwa hisani ya bwana, na anayelipwa haki yake hutakiwa apige magoti kushukuru.

Tumeyaona wenyewe. Msimamizi mmoja wa mkandarasi mdogo, ambaye hatutamtaja, aliwakalia vibarua kumi na mmoja mshahara wa wiki sita. Kila mmoja alikuwa amekwenda peke yake usiku, kwa aibu, akarudi na ahadi. Tukaenda pamoja, mchana, na mzee wa mtaa, bila matusi. Wakalipwa kwa awamu mbili. Msimamizi yule tunasali naye safu moja mpaka leo. Wale wanaosema chama kitavunja udugu watuambie: ni udugu gani uliovunjika hapo?

Sisi tunasema hivi: msaada wa msiba ni msaada, mshahara ni deni. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, Namba 13 ya mwaka 2023, haisemi kwamba shemeji asilipwe. Tena kukosa mkataba wa maandishi hakumfuti mfanyakazi haki zake. Bima ya jamii nayo ina kanuni yake: mwajiri anatoa asilimia 4 na mfanyakazi 3. Mtu anayejifanyia kazi mwenyewe, kama mvuvi au mchuuzi, anaruhusiwa pia kujiandikisha. Ni wangapi pwani hii wanajua hayo?

Jambo hili ni la haraka. Kazi ya mtambo wa gesi huko Afungi, jirani yetu, ilisimamishwa Aprili 2021 baada ya shambulio. Mwishoni mwa 2025 ilitangazwa kwamba kizuizi kimeondolewa. Kazi kubwa ikija katika mji mdogo, huja kwa orodha ya majina, na orodha hupita mikononi mwa watu tunaowajua. Hapo ndipo kujuana kunapogeuka bidhaa. Mwenye ndugu huandikwa, mwenye chai huandikwa, na fundi asiye na vyote viwili hubaki barazani akitazama magari yakipita.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kila orodha ya ajira ibandikwe ubaoni, hadharani, na ionyeshe nafasi ni ngapi na za kazi gani. Pili, kila kibarua, hata wa mwezi mmoja, apewe karatasi inayotaja kiasi cha mshahara na siku ya kulipwa. Tatu, chama kiwafungulie mlango wavuvi, wachuuzi na akina mama wa mgahawa, kisiwangoje wapate kofia ngumu ndipo kiwaite wafanyakazi.

Hili la tatu wenzetu wengine hulicheka. Wakumbuke kwamba ujenzi una mwisho wake. Siku mkandarasi atakapokunja mahema yake, fundi na kibarua watarudi ufukweni kuomba nafasi chomboni, nao watapokewa na baharia yule yule ambaye leo hatutaki kumwandika. Tumwandike leo, ili siku hiyo tukutane naye kama wanachama wenzake, si kama waombaji.

Udugu tuuenzi, haki tuidai. Mapambano yanaendelea.