Toba Isiyorudisha Kitu ni Maneno Matupu

Kila muhula ninapofundisha sarufi ya Kiswahili, huwaeleza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kwamba kiambishi -me- kina kazi zaidi ya moja. Huonyesha tendo lililotimia, kama katika 'barua imefika'. Lakini kinapoambatana na vitenzi vya hali, huonyesha jambo ambalo lingalipo wakati msemaji anapolitamka. Tukisema 'mtoto amelala', maana yake ni kwamba hata sasa yumo usingizini. Tukisema 'mwalimu amevaa koti', koti hilo sharti liwe mwilini mwake. Likiwa limetundikwa msumarini, basi msemaji ama ni mwongo ama haijui lugha.

Mfano ambao sijathubutu kuuandika ubaoni ndio unaosikika mno nchini mwetu: 'nimeokoka'. Kitenzi hiki kimo katika kundi lilo hilo. Anayekitamka hatupi habari za mkutano wa injili aliohudhuria miaka ishirini iliyopita, bali anatupa habari za hali yake ya leo. Ajabu ni kwamba yule wa koti tutamcheka, lakini huyu wa wokovu, hata tukijua fika anavyowapunja wafanyakazi wake mishahara, tutamwitikia 'Amina'.

Mimi ni Mkristo. Nayaandika haya nikiwa ndani ya nyumba, wala si mpita njia anayelirushia paa mawe. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya ni Wakristo. Katika orodha ya mwaka 2023 ya shirika la Transparency International kuhusu ufisadi ulimwenguni, Kenya ilipata alama 31 kati ya 100. Takwimu hizi mbili zikiwekwa pamoja zinatutia aibu. Wanaotia saini hati za uwongo siku ya Ijumaa hawatoki ng'ambo. Ndio tunaoketi nao kanisani Jumapili na, ama kwa hakika, wengine wao ndio sisi.

Naamini kwamba tatizo limejificha katika neno toba. Kiswahili kililikopa neno hili kutoka Kiarabu, na huko mzizi wake una maana ya kurudi. Kiebrania cha manabii wa kale nacho hutumia kitenzi cha kurudi kwa maana iyo hiyo. Sisi tumebaki na ganda lake: machozi, kupiga magoti mbele ya madhabahu na ushuhuda mrefu. Tumesahau kwamba anayerudi hurudi mahali fulani, kwa mtu fulani, na aghalabu huwa amebeba kitu cha mwenyewe mkononi.

Katika miaka ya karibuni hakuna jina la Biblia lililotajwa barabarani mwetu kama Zakayo. Vijana walioandamana mwezi Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha walimwita Rais kwa jina hilo la mtoza ushuru, wakimtaka ashuke mtini. Lakini kisa chenyewe katika Injili ya Luka hakiishii mtini. Zakayo alishuka, akamkaribisha Yesu nyumbani kwake, akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Ni baada ya ahadi hiyo ndipo Yesu alipotangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Sisi tulishangilia nusu ya kwanza ya kisa kwa kuwa ilimhusu mtu mwingine. Nusu ya pili yatuhusu sote.

Wazee wetu waliijua nusu hiyo. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka kati ya Kampala na Gahini nchini Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, ulifika Kabete mwaka 1937. Wafuasi wake, ambao Uganda waliitwa balokole, yaani waliookoka, walijulikana kwa mambo mawili: kuungama dhambi hadharani na kurudisha walichoiba. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wengi wao katika Kenya ya Kati walikataa kula kiapo cha Mau Mau na, papo hapo, wakakataa kuibebea serikali ya mkoloni bunduki. Baadhi yao waliuawa kwa ajili ya msimamo huo. Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 katika uamsho huo, aliuawa mwezi Februari 1977 baada ya kuulalamikia ukatili wa utawala wa Idi Amin. Unaweza kuhitilafiana na watu hawa kisiasa, lakini huwezi kusema kwamba imani yao ilikuwa koti lililotundikwa msumarini.

Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya 1980, mzee mmoja wa uamsho alifika kwa babu yangu akiwa amebeba jembe. Alikuwa ameliiba kabla sijazaliwa. Mpini ulikuwa mpya, kwani ule wa awali uliliwa na mchwa. Babu hakuwa mtu wa kanisa. Alilipokea jembe lake, akaagiza mgeni aletewe chai, wakanywa bila maneno mengi. Tangu siku hiyo, babu alipokuwa na safari, funguo za ghala lake alimwachia mzee yule.

Jembe hilo lilinisumbua miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa nimehudhuria warsha ya siku tano nje ya mji. Siku ya pili niliondoka kwenda kushughulikia mambo yangu, nami nikatia saini ya kupokea marupurupu ya siku zote tano. Nilijiambia kwamba kila mtu hufanya vivyo hivyo. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasoma kisa cha Zakayo, tena kwa sauti nzuri ya mwalimu wa lugha.

Ilinichukua miezi minne kuzirudisha fedha hizo. Karani alinitazama kana kwamba ninaugua. Aliniambia kwamba anayo fomu ya kudai na fomu ya kukopa, lakini hana fomu ya kurudisha, na hatimaye akaniandikia stakabadhi kwa mkono. Mwenzangu mmoja aliyepata habari aliniuliza kwa hasira kama nia yangu ni kuwaharibia wengine. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ni rahisi kulia madhabahuni kuliko kusimama mbele ya dirisha la karani. Machozi hayamgharimu mtu kitu, wala hayawatishi majirani zake. Sisemi haya ili nipigiwe makofi, kwa maana mwizi anayerudisha hastahili shukrani. Isitoshe, yako ambayo sijayarudisha bado, vikiwemo vipindi nilivyowakosesha wanafunzi wangu.

Kanisa nalo lina mzigo wake. Kwa miaka mingi limepokea michango ya wanasiasa bila kuuliza ilikotoka. Mwezi Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliikataa michango ambayo Rais na viongozi wengine waliitoa katika parokia moja jijini, akaagiza irudishwe. Wapo waliolalamika kwamba watakaoumia ni waumini maskini. Hoja hiyo ina uzito, kwani ni kweli nyumba ya padri haijengwi kwa msimamo mtupu. Hata hivyo, kanisa lisiloweza kurudisha fedha litapata wapi kinywa cha kumwambia muumini arudishe?

Najua watakaonijibu kwamba wokovu ni neema, haununuliwi kwa majembe. Naam, ndivyo. Zakayo hakulipa kiingilio, kwani Yesu alimwita kabla hajaahidi hata senti moja. Lakini neema ikiisha kupokelewa huonekana mikononi. Mtu aliyesamehewa deni lake lote ana sababu gani ya kuendelea kushikilia cha mwenziwe?

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumeutembeza wokovu wetu vya kutosha, kwa vipaza sauti na kwa maandishi juu ya vioo vya matatu. Umewadia wakati wa kuuacha ujiuze wenyewe. Msomaji mpendwa, kabla hujasimama Jumapili ijayo kutamka 'nimeokoka', ingia kwanza ghalani mwako utazame nyuma ya mlango. Huenda mna jembe la mtu.