Watoto wa Kakamega na wa Pwani wanasoma historia ipi?

Harusi ya jamaa yetu ilinipeleka Mumias mwaka jana, na baada ya swala ya Ijumaa nikakaa barazani na kijana wa nyumba ile, yuko Gredi ya Nane. Nikamuuliza, kumpima tu, Nabongo Mumia alikuwa nani. Kijana alikaa wima kama aliyeitwa na mwalimu, akajibu: "Alikuwa kibaraka wa Waingereza, ami." Nikamuuliza kibaraka ndiye nani. Akasema ni yule ambaye hakupigana. Basi, ikaishia hapo. Mji anaoishi unaitwa kwa jina la mtu huyo, majirani zake wengine ni wa ukoo wake, na alichopewa darasani ni neno moja la kujazia pengo kwenye mtihani.

Niliporudi Mombasa nikamshika binti yangu, naye yuko Gredi ya Saba. Mekatilili wa Menza ni nani? "Aliongoza Wagiriama kupigana na Waingereza, 1913." Kisha? "Ni hayo tu, baba." Nikaona sina haki ya kumcheka yule wa Mumias.

Jambo hili lina uzito zaidi mwaka huu. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya Kumi, na huko kuna mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Serikali yenyewe ilisema inatarajia kiasi cha asilimia 60 ya wanafunzi waende sayansi. Historia ni somo la kuchagua ndani ya mkondo wa pili. Maana yake ni kwamba kwa watoto wengi wa nchi hii, Masomo ya Jamii ya Gredi ya Nne mpaka ya Tisa ndiyo historia yote watakayofundishwa maishani mwao. Anayetoka pale na neno "kibaraka" atabaki nalo. Atapiga kura nalo, ataitwa kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu shamba la babu yake nalo.

Sasa tazama alichonyimwa yule kijana. Kabla ya kuitwa Mumias, watu wa misafara kutoka kwetu Pwani walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, babake Mumia. Joseph Thomson alifika hapo 1883 kwa njia ambayo wafanyabiashara wa Kiswahili walikuwa wakiijua tayari. Walipeleka nguo, shanga na bunduki, wakarudi na pembe za ndovu, na tusifichane, wakarudi na watumwa pia. Uislamu wa Mumias, ambao ndio ulionipa mahali pa kuswali Ijumaa ile, ulikuja na njia hiyo hiyo. Bunduki nazo ziliingia katika ugomvi wa Wawanga na majirani zao Wabukusu. Waingereza walipowapiga Wabukusu mwaka 1895, Lumboka na Chetambe, Wawanga walikuwa upande wa Waingereza. Mumia alitafuta nguvu ya kumsaidia dhidi ya maadui aliokuwa nao tayari, na aliyemwona kama chombo akaja kuwa bwana wake. Mwaka 1920 hata makao ya utawala yalihamishwa kutoka kwake yakapelekwa Kakamega. Alifariki 1949, mzee sana, akiwa na heshima nyingi na mamlaka kidogo.

Mtoto akiyapata hayo, neno "kibaraka" halimtoshi tena. Huenda bado akalitumia, ni haki yake, lakini atakuwa amelifikia mwenyewe. Na fikiria darasa la Kakamega lenye mtoto wa Kiwanga na mtoto wa Kibukusu kwenye dawati moja. Mmoja kwao Nabongo ni mfalme, mwingine kwao ndiye aliyewaletea bunduki. Mwalimu anayesoma kitabu na kupita haraka anaogopa ugomvi. Lakini ugomvi huo ndio somo lenyewe, na ni afadhali utokee pale mbele ya mwalimu kuliko wakati wa kampeni.

Na sisi Waswahili tuwe wakweli hapa. Tunalalamika kila mara kwamba vitabu vya shule vinamwonyesha Mwarabu na Mswahili kama mfanyabiashara ya watumwa na hakuna zaidi. Malalamiko yana msingi. Lakini sijaona tukidai kwamba mtoto wa Mombasa afundishwe kuhusu Kwa Sundu, pamoja na uzuri wake na aibu yake. Tunataka historia iliyooshwa. Historia iliyooshwa ni sawa na ile ya kujaza mapengo, zote mbili hazimwachii mtoto la kuuliza.

Kuna jambo lingine ambalo kitabu hulipita kwa sentensi moja, nalo lingewaamsha watoto wa pande zote mbili. Mpaka 1902, Mumias ilihesabiwa kuwa sehemu ya himaya ya Uganda. Na ukanda wa Mombasa, kisheria, ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar mpaka Disemba 1963. Yaani babu wa yule kijana na babu wa binti yangu hawakuwa "Wakenya" kwa maana ya leo hata kidogo. Nchi iliwakuta walipo. Mwulize mtoto wa Gredi ya Sita nani alichora mstari huo, kwa faida ya nani, uone kama atasinzia.

Turudi kwa Mekatilili, maana hapa ndipo nilipogundua kwamba wale watoto wawili wana kisa kimoja. Waingereza walimkamata Oktoba 1913 pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka uhamishoni magharibi mwa nchi. Wapi hasa? Maandishi mengine yanasema Mumias, mengine Kisii. Kwa masimulizi ya kwao alitoroka 1914 akarudi kwa miguu mamia ya kilomita. Mwalimu wa kubabaisha angechagua jibu moja na kulitia alama ya tiki. Mwalimu hodari angesema: hapa pana maelezo mawili, yaandikeni yote ubaoni, kisha tujiulize nani aliandika lipi, alijuaje, na alikuwa na sababu gani. Kwa dakika arobaini mtoto amefanya kazi ya mwanahistoria. Na akiwa Mumias au Kisii anaweza kwenda kuuliza wazee nyumbani kama walisikia habari ya mwanamke wa Pwani aliyeletwa kufungwa. Huenda arudi mikono mitupu. Hata hilo ni jibu la kuandika.

Hayo ndiyo yanayoitwa umilisi kwenye mtaala mpya, na kwenye karatasi umeandikwa vizuri, sikatai. Darasani ni habari nyingine. Sekondari msingi mwalimu aliyesomea Kemia hupewa Masomo ya Jamii kwa sababu hakuna mwingine. Madarasa yamejaa. Na "utafiti" umegeuka kuwa mzazi kutumwa saiba kuchapisha picha ya rangi ya Fort Jesus, ilhali mtoto anaishi Kisauni, ng'ambo tu ya daraja, na hajawahi kuingia ndani ya ngome. Mwalimu mmoja wa Kakamega niliyezungumza naye kwenye harusi ile alinipa jibu la unyonge lakini la kweli: "Mimi sina basi la kuwapeleka popote. Lakini nina dhahabu."

Alimaanisha dhahabu kweli. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kulinda ardhi za Waafrika, ikaahidi kwamba ardhi hizo ni zao milele, na kwamba kipande kikichukuliwa wenyeji wataulizwa na kupewa kipande kingine. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Disemba 1932 sheria ikabadilishwa: hakuna kuuliza, hakuna ardhi ya badala, fidia ya pesa inatosha. Milele iliishi miaka miwili. Machimbo ya Rosterman yalifanya kazi mpaka 1952, na watu wa mitaa hiyo bado wanapita kando ya mashimo.

Leo kampuni ya Shanta Gold inataka kufungua mgodi Isulu na Bushiangala, huko Ikolomani, na wenyeji wanabishana kuhusu kuhamishwa na fidia. Mwalimu yule huandika ubaoni miaka mitatu, 1930, 1931, 1932, na swali moja: nini kilibadilika katikati? Kisha hunyamaza. Anasema wanafunzi waliokuwa wakilala nyuma ndio huinua mikono kwanza, kwa sababu baba zao wamo kwenye mabishano ya sasa. Hatumii basi wala karatasi ya rangi. Anatumia chaki.

Nikamwambia hilo ni somo letu pia. Kwale walichimba titani kuanzia 2013 mpaka Disemba 2024, machimbo yakafungwa, na mtoto wa Msambweni anaweza kuhesabu kilichobaki na kilichoondoka. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ndiyo iliyotugeuza wengi wetu maskwota kwenye mashamba tuliyozaliwa. Nimemaliza shule ya msingi, ya upili na diploma bila mwalimu hata mmoja kunitajia sheria hiyo. Nilijua Vasco da Gama alifika Malindi 1498. Nilikuja kusikia habari za 1908 nikiwa mtu mzima, kwenye foleni ya ofisi ya ardhi, kutoka kwa mzee aliyekuwa mbele yangu.

Kuna watakaosema mambo haya ni siasa, watoto waachwe wasome. Wengine ni walimu wakuu wenye hofu ya kupigiwa simu na mwanasiasa, na hofu hiyo siipuuzi. Lakini mwalimu wa Ikolomani hakumwambia mtoto akubali mgodi wala aukatae. Alimpa sheria mbili na miaka mitatu. Anayeona hilo ni uchochezi ana lake jambo.

Binti yangu nimemwambia likizo ya Agosti tutakwenda Bungale, Magarini, alikozikwa Mekatilili. Nimemtaka aandike maswali ya kuwauliza wazee wa huko, na nimekataa kumsaidia. Mpaka jana alikuwa nayo matatu. La kwanza ni la kitabuni. La pili anataka kujua kama kweli ilikuwa Mumias au Kisii. La tatu amelifuta na kuliandika upya mara mbili: bibi alipokuwa anarudi kwa miguu, njiani nani alimpa chakula?